Kofia ya Nyaya na Pacha wa Mitunguu

Siku ile ya majibu tulikuwa watu saba chumbani, na nitawataja wote, maana mimi mtu nikishamjua jina sipendi kumwacha nje. Alikuwepo Daktari Njue, mkuu wa utafiti wetu, kijana wa Embu mwenye sauti ya chini. Alikuwepo Sista Wambeti, muuguzi, naye wa Embu lakini wa kule chini kwenye joto, Mbeere. Alikuwa amesimama, na sidhani kama nimewahi kumwona amekaa. Alikuwepo Gitonga, mkulima wa ndizi kutoka Mitunguu, na mkewe Kathure, na wana wao pacha waliokuwa wamemaliza kidato cha nne: Ikiara aliyeitwa jina la babake Gitonga, na Mbaabu aliyeitwa jina la babake Kathure. Wa saba ni mimi, Gacheri wa Kanyakine, na nilikuwepo kwa sababu Kathure alisema hataingia bila mimi.

Nimestaafu sasa. Vidole vimekataa kunyooka asubuhi, na kichwa cha mtoto wa mtu hakishikwi na vidole vinavyouma. Nyinyi wasichana mlioachiwa beseni langu mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa. Niliishia darasa la tatu, kwa hivyo msitafute maneno makubwa humu. Mtapata majina.

Kabla ya utafiti nilikuwa msusi sokoni Meru, nimeweka kistuli changu nyuma ya wauzaji wa nguo kuukuu. Sista Wambeti alikuwa mteja wangu. Siku moja nilikuwa namfumua mtoto wa miaka minne aliyelia mpaka akachoka akalala mapajani mwangu, na Sista akawa ananitazama. Halafu akaniuliza kama naweza kuosha kichwa cha mtoto wa mtu bila kuumiza na bila kumwuliza mambo yake. Nikamjibu la kwanza naweza, la pili litanisumbua. Akacheka, akaniambia nije Jumatatu.

Jumatatu hiyo nilifikiri naenda kufagia hospitali. Nikakuta nyumba ya kupanga, vyumba vitatu, na kwenye chumba kimoja msichana anaitwa Nkatha ameketi mbele ya kompyuta, na mbele yake kichwa cha plastiki kimevaa kofia. Kofia yenyewe ni ya kitambaa cha kuvutika, imejaa matundu madogo ya duara, na kila tundu lina waya. Nilisimama mlangoni. Nkatha akaniita bibi, akasema, "Ingia cucu, haiumi mtu. Inasikiliza tu."

Inasikiliza nini, nikauliza. Akasema ubongo ukifanya kazi hutoa umeme kidogo sana, mdogo kuliko hata ule wa betri ya saa, na kofia inausikia. Lakini ili isikie, lazima igusane na ngozi ya kichwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wamemtafuta msusi.

Kwa maana adui wa kofia ile ni mafuta. Hakuna mama wa kwetu Imenti atakayempeleka mtoto kwa daktari kichwa kikavu. Tuliwaambia kwa simu, tukawaambia tena wakifika langoni wiki ya kuandikishwa: msimpake kitu. Bado walikuja wanang'aa. Mama mmoja, Kananu wa Nkubu, aliniambia kwa uchungu kwamba hawezi kumtembeza binti yake barabarani kama yatima. Kwa hivyo tuliosha. Shampuu tupu ya kijani, maji ya vuguvugu, mara mbili, taulo, halafu kukausha. Kwa wasichana wenye rasta za kubandika nilifumua kwanza, na baadaye nikasuka tena mistari ya bure, kama ahadi. Wengine walikuja kwa ajili ya kusukwa, nawajua kwa majina, lakini sitawachoma.

Baada ya kukauka, unapima kichwa kwa utepe, unavisha kofia, halafu unaweka jeli kwenye kila tundu kwa bomba la sindano. Bomba hilo halina ncha kali. Mwonyeshe mtoto kwanza kwa kujichoma kiganja mwenyewe. Usimwambie "haiumi" kabla hajaona. Mtoto akisikia "haiumi" anajua inauma. Hilo nilifundishwa na Sista Wambeti wiki ya kwanza, pamoja na jambo la pili: kinachosemwa kwenye beseni kinabaki kwenye beseni. Mtoto aliyeinamishwa kichwa, hakuoni uso, na maji ya vuguvugu yanapita masikioni, atasema yote. Wewe unaosha.

Sasa, walikuwa wanatafuta nini. Niliuliza hilo wiki ya pili, na Daktari Njue hakunicheka. Alisema wanataka kujua kwa nini vijana wawili wakionja pombe, mmoja huacha glasi na mwingine hairudishi mezani. Wanajua kwamba sehemu ya hayo huja na damu, kutoka kwa wazazi na mababu, na sehemu huja na nyumba na marafiki. Wanajua pia ubongo wa kijana anayekunywa sana hujibu tofauti kidogo kwenye mashine. Akiona picha ngeni katikati ya picha nyingi zilizofanana, wimbi linaloruka huwa fupi. Lakini ufupi huo ulitangulia pombe, au uliletwa na pombe?

Nikamwambia, kwetu kuna kibuyu cha maziwa na kibuyu cha pombe. Kibuyu kikinuka pombe, unauliza kama kilichaguliwa kwa pombe tangu kikiwa shambani kwa sababu ya shingo yake, au kilikuwa kibuyu tu, kikanuka kwa kuwekewa. Akasema ndiyo hivyo hasa, na ndiyo maana wanatafuta pacha. Pacha wa yai moja ni vibuyu vilivyokatwa kutoka tunda moja, alisema, nikamwambia tunda moja halitoi vibuyu viwili. Akasema basi mifano ananiachia mimi.

Kazi ilikuwa na vichekesho vyake. Daktari alikuwa akichora ukoo wa kila mtoto: nani alizaa nani, nani alikunywa. Huko kwetu mtoto huitwa jina la babu yake, na mama huyo huyo humwita mwanawe "baba", kwa heshima ya aliyemwachia jina. Siku moja Daktari alishinda mchana mzima akiandika ukoo ambao ndani yake mtu alikuwa babake mama yake. Kwao Embu pia majina huenda hivyo hivyo, lakini alikuwa amekaa Nairobi sana.

Hiyo desturi ya jina ndiyo inanirudisha kwa Gitonga.

Kwetu mtu akikuachia jina, wazee wanaamini hakukuachia jina peke yake. Amekuachia na mwendo, na hasira, na mkono wa kutoa au wa kunyima. Sasa mzee Ikiara, babake Gitonga, alikuwa mlevi wa kutajwa. Gitonga akiwa mtoto ndiye aliyetumwa kumtafuta kwenye mifereji na kumvuta nyumbani, na asubuhi moja alimkuta hapumui. Gitonga hajawahi kuonja. Lakini walipozaliwa pacha, desturi ilimlazimisha: wa kwanza ni wa babake. Wa pili akapewa jina la mzee Mbaabu, babake Kathure, mzee wa kanisa aliyekunywa chai tu maisha yake yote.

Kathure alimwita Mbaabu "baba" tangu akiwa kwenye shuka. Gitonga hakuwahi kumwita Ikiara hivyo. Alimwita "wewe".

Walipokuja mara ya kwanza, nilidhani hawa si pacha. Ikiara alikuwa mwembamba, mweusi wa jua, ana kovu kwenye nyusi. Mbaabu alikuwa amejaa, ametulia, shati limepigwa pasi. Kathure mwenyewe alisema si wa kufanana, hata mkunga aliona kila mmoja alikuja na kondo lake la nyuma. Ikiara alipoona kofia akasema, "Cucu, hii ni ya kuanika mchicha?" Nilipoanza kuweka jeli akauliza kama tunataka kumchaji kama simu. Mbaabu yeye alisema asante kila nilipogusa kichwa chake.

Na Gitonga alisimama kwenye ukumbi akamwambia Daktari, bila kuficha, kile alichokuja kutafuta. Alikuwa na uwezo wa kumpeleka mmoja chuo cha ufundi huko Embu, mbali na macho yake. Mmoja ataenda, mmoja atabaki kwenye migomba anapoweza kumwona. Yeye alishajua atakayebaki ni Ikiara. Lakini mkewe analia kila siku, kwa hivyo ameleta vichwa vyote viwili kwa mashine, mashine imwambie Kathure ni kipi kimembeba mzee.

Daktari alimweleza kwamba mashine haisemi hivyo. Gitonga alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesikiliza bei ya kwanza.

Vijana walikaa na Nkatha, mmoja baada ya mwingine, wakibonyeza kitufe kila picha ngeni ilipotokea. Walitema mate kwenye vichupa. Waliulizwa maswali ya pombe kila mmoja peke yake, mlango umefungwa. Halafu wakaja kwangu kuoshwa jeli.

Ikiara, akiwa ameinama, aliniambia habari ambayo nusu nilishaijua. Hatumwi dukani magharibi. Hapelekwi kwenye mahari wala arusi yenye pombe. Akichelewa, baba humnusa mdomo mlangoni. "Cucu, mimi nilionja mara moja tu, nikatapika kwenye viatu vyangu. Lakini nikimwambia hivyo, atasikia neno moja tu: nilionja." Alicheka, na mabega yake hayakucheka.

Akaja Mbaabu. Nilimwaga maji ya kwanza. Nikamwaga ya pili. Nilipokuwa natafuta jeli nyuma ya sikio, akaniuliza kama mashine imeona. Nikamwuliza imeona nini. Akasema, "Kwamba ni mimi."

Nilisema sitauliza, na sikuuliza. Alisema mwenyewe. Siku ya mahari ya shangazi yake, alipokuwa kidato cha kwanza, wazee walihitaji kijana wa kubeba kibuyu cha pombe ya asali na kuwapimia. Kwa desturi angekuwa Ikiara, ndiye mwenye jina la mzee. Baba akakataa, akampa yeye, kwa sababu jina lake ni safi. Kibuyu kikirudi jikoni kina masalio, na masalio yalikuwa matamu. Baada ya hapo kila shughuli ya ukoo alibeba yeye. Baadaye hakungoja shughuli. Siku za kupakia ndizi kwenye malori alinunua chupa ndogo za pombe kali pamoja na wenzake, na sasa mikono yake ilikuwa ikitetemeka asubuhi asipopata. Hakuna aliyemnusa mdomo. Nani atamnusa mzee wa kanisa?

Niliosha. Nikamkausha. Maji yalikuwa yamepoa na sikuona.

Nilimfuata Sista Wambeti nyuma ya nyumba anakoanikia taulo. Nikamwambia nina kitu kwenye beseni na kinanichoma, kwa sababu mtu atapelekwa mahali asipofaa kwenda peke yake, na mwingine atafungiwa bila kosa. Sikutaja jina. Akaendelea kuanika. Akasema, "Usikibebe wewe, Gacheri. Mrudishie mwenye nacho, umwambie utasimama karibu akikitua." Hiyo ndiyo dawa pekee niliyowahi kuona ikifanya kazi pale. Mbaabu alipokuja wiki iliyofuata kurudia kipimo, nikamwambia hivyo hivyo, nikiwa nyuma yake. Sista naye alizungumza naye kando kuhusu mikono kutetemeka, akamwambia asiache yote ghafla kwa ujeuri bila kuonwa na daktari. Mengine ni yao.

Basi siku ya majibu ikafika, tukiwa wale saba.

Daktari Njue alianza polepole. Alisema vichwa vya vijana hawa vimewekwa pamoja na vya wengine wengi, na ni wingi huo ndio utakaosema kitu. Kichwa kimoja hakihukumiwi. Hakuna waya unaojua kesho ya mtu. Nilimwona Gitonga anakunja kofia yake mkononi. Halafu Daktari akasema kuna jambo moja tu waliloahidi kuiambia kila familia ya pacha, nalo limetoka kwenye mate. Ikiara na Mbaabu ni pacha wa yai moja.

Kathure akasema haiwezekani, makondo yalikuwa mawili. Daktari akamweleza kwamba hilo hutokea, yai likigawanyika mapema. Unene na wembamba umeletwa na maisha, na kovu limeletwa na panga. Kilichorithiwa ni kile kile.

Gitonga aliacha kukunja kofia. Akauliza, "Kwa hivyo mzee yuko ndani ya wote wawili?"

Sista Wambeti ndiye aliyemjibu, kutoka pale aliposimama. "Yuko, baba. Na mzee wa chai pia yuko ndani ya wote wawili."

Ikiara akasema, "Haya, Mbaabu. Karibu kwenye ulevi." Mamake alimpiga kidogo mkononi, lakini mdomo wake ulikuwa unataka kucheka.

Daktari akaongeza kwamba kurithi kupo, hakatai. Lakini kinachorithiwa ni wepesi wa kunaswa, kama mtu aliyezaliwa na ngozi inayochubuka haraka, na ngozi hiyo haichubuki mpaka ikwaruzwe. Kwa vijana hawa wepesi huo ni sawa kwa sawa. Kama mmoja wao anahitaji kulindwa, wote wanahitaji.

Hapo Mbaabu alinitazama. Mimi nilisogeza kiti changu mpaka kikagusa chake, basi.

"Baba," akasema, "anayekunywa ni mimi."

Alieleza yote, kibuyu, jikoni, malori, mikono. Hakulia. Ikiara aliacha mzaha, akawa anatazama sakafu, na nikajua alikuwa akijua. Gitonga alisikiliza mpaka mwisho, na nilingoja akasirike, kwa sababu nimeona wababa wengi kwenye ukumbi ule. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Ni mimi nilikupa hicho kibuyu." Akamwonyesha Ikiara kwa mkono. Halafu akasema, "Huyu nilimfungia mlango, nikakupa wewe ufunguo."

Kathure alishusha pumzi iliyokuwa imekaa ndani yake tangu vijana walipozaliwa, nadhani. Aliniambia baadaye sokoni kwamba alidhani atasikia vibaya, lakini alihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni mgongoni: mgongo bado unauma, lakini umesimama wima. Kwa sababu mpaka siku ile alikuwa na mwana mmoja aliyekwisha hukumiwa na mwingine asiyeruhusiwa kukosea. Akaondoka na wana wawili wa kawaida.

Mbaabu alitibiwa. Sista Wambeti alimpeleka kwa mtu anayejua kazi hiyo, na haikuwa safari iliyonyooka. Alirudi nyuma mara moja nikijuavyo, na safari hiyo Ikiara ndiye aliyekwenda kumchukua kule kwenye malori. Walicheka njia nzima, aliniambia, kwa sababu Mbaabu alikuwa akimwomba radhi mgomba. Mpaka leo ninapoandika, Mbaabu yuko sawa, anakuja kunisalimia akiwa na ndizi za kuiva, ananiita cucu wa beseni.

Kwenye mahari ya binti wa shangazi yao mwingine mwaka jana nilialikwa. Gitonga alibeba kibuyu mwenyewe, mtu mzima, mbele ya wazee, na ndani kulikuwa na uji. Wazee wengine walinung'unika. Mmoja, Mzee Kaaria, aliuliza kama hii ni mahari au ni kliniki. Gitonga akampimia uji mpaka juu.

Chuo nacho. Mbaabu alibaki nyumbani kwanza ili atibiwe, akafuata muhula mwingine ndizi zilipoleta karo ya pili. Ikiara ndiye aliyetangulia Embu, kujifunza ufundi wa magari. Asubuhi aliyoondoka nilikuwa Mitunguu, kwa maana Kathure alitaka nimkate nywele mwanawe vizuri, asiende kuaibisha watu. Nilimaliza, nikamkung'uta shingo. Ikiara alisimama akitafuta begi lake. Gitonga alikuwa mlangoni, mlango ule ule aliokuwa akimnusia mdomo, ameshalibeba begi begani.

Akasema, "Baba, twende. Gari litatuacha."

Ikiara aligeuka kutafuta ni nani anayeitwa. Hakumwona mwingine. Akamfuata.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Nyinyi mlio na beseni sasa, Nkatha, na wewe Sista kama utasoma, nikiwa nimemweka mtu mahali ambapo hakuwepo, au nimemnyima mtu jina lake, niambieni nirekebishe. Sina hakika kama Kananu alikuwa wa Nkubu au wa Igoji. Sina hakika kama shampuu ya kwanza ilikuwa ya kijani. Na Kathure, ulikuwa umesimama karibu na mlango kuliko mimi: mimi nilisikia Gitonga akisema "baba" mara moja. Kama alisema mara mbili, nisahihishe.